Aliyekuja kwa Muda Mfupi

SABATO ALASIRI

*Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mhubiri 9:10, Kutoka 31:1–6, Mithali 18:13, Wakolosai 3:23, 1 Timotheo 5:8, 2 Timotheo 2:2.*

Ukizunguka nyumba za washiriki wetu hapa Lulindi na vijiji vya jirani, utakuta karibu kila nyumba ina kijana mwenye kazi asiyoihesabu kuwa kazi. Mmoja ni mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi. Mwingine ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi wakati wa msimu wa korosho. Wa tatu anaendesha bodaboda ya mtu kati ya hapa na Masasi. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu kwamba anapitisha muda tu, kazi yenyewe ataipata akifika Mtwara au Dar es Salaam. Kwa hiyo mizani husomwa haraka haraka, daftari la mahudhurio hujazwa Ijumaa kwa juma zima, na pikipiki husafishwa siku mwenye chombo anapokuja.

Juma hili tutafuatana na mtu aliyekuja pwani yetu kwa kazi ya kupitisha muda. Alikusudia kukaa mwaka mmoja au miwili amsaidie rafiki yake, kisha arudi kwao. Miaka 18 baadaye alizikwa Zanzibar. Jina lake ni Edward Steere. Walio wengi wanalijua kwa sababu ya kanisa kubwa la Mkunazini, na sisi wa huku kusini tuna sababu yetu ya pekee ya kumjua, kwa maana ndiye aliyeleta misheni Masasi mwaka 1876.

Ndugu zangu, tuseme mapema: Steere alikuwa askofu wa Kianglikana. Hakuitunza Sabato, na yapo mafundisho yake ambayo hatungekubaliana naye. Hayo si somo la juma hili. Tunataka kuitazama mikono yake, na meza yake ya kazi.

JUMAPILI: Mwanasheria asiyeipenda sheria

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828, mtoto wa mwanasheria. Akasoma njia ya baba yake. Katika Chuo Kikuu cha London alipata shahada moja baada ya nyingine mpaka ya udaktari wa sheria, pamoja na nishani ya dhahabu, na mwaka 1850, akiwa na miaka 22, akakubaliwa kuwa wakili wa mahakamani. Mzazi gani asingefurahi? Hata leo, kijana wa Newala akirudi nyumbani na cheti cha namna hiyo, ng'ombe au mbuzi atachinjwa.

Lakini kazi ile haikumkaa. Aliifanya kwa miaka michache, huku jioni akijifunza mambo mengine, yakiwemo ya dini na ya uchapaji. Alikuwa na mtambo wake mdogo wa kuchapia, akajizoeza kupanga herufi za risasi kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa wenzake huenda ule ulionekana kuwa mchezo wa mtu msomi. Yeye naye hakujua utakuja kumfaa wapi.

Mwaka 1856 aliwekwa kuwa shemasi, na baadaye akapelekwa Skegness, sehemu ya pwani ya Uingereza yenye wavuvi na wakulima. Watu wa huko walimkumbuka kuwa kasisi anayevua koti na kukunja mikono ya shati kazi inapotokea. Mwaka 1862 akapewa parokia ya Little Steeping, kijiji kidogo katika jimbo lile lile la Lincolnshire.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Kwa kipimo cha dunia maisha yake yalikuwa yanateremka: kutoka mahakama za London hadi kijiji ambacho wengi hawakuwahi kulisikia jina lake. Soma Mhubiri 9:10. Sulemani haulizi kama kazi iliyo mkononi mwako ni ile uliyoisomea. Je, unadhani ni kwa nini hakuuliza?

JUMATATU: Kiwanda cha herufi

Rafiki yake William Tozer, aliyekuwa kasisi wa parokia ya jirani, alifanywa askofu mwaka 1863 aje kuiongoza Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, ile tuliyozoea kuiita UMCA. Misheni hiyo ilikuwa katika hali mbaya. Askofu wake wa kwanza alikuwa amekufa kwa homa upande wa mto Shire, na wenzake kadhaa walikufa pia. Steere akaamua kumsindikiza Tozer kwa muda. Walijaribu kwanza bara karibu na mto Zambezi, wakaona haiwezekani, na tarehe 31 Agosti 1864 wakashuka Zanzibar.

Zanzibar wakati huo ilikuwa na soko la watumwa lililokuwa wazi kabisa. Watu wa kutoka kwetu, Wayao, Wamakua, Wamakonde na wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walipitishwa Kilwa na Lindi wakauzwa pale. Muda mfupi baada ya wamisionari kufika, Sultani Majid aliwapa wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wakawa shule. Mmoja wao, John Swedi, baadaye aliwekwa kuwa shemasi.

Sasa mtu mwenye udaktari wa sheria anawafundisha nini wavulana watano wasiojua lugha yake, naye hajui ya kwao? Steere aliutoa ule ujuzi wake wa jioni. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapia, naye akawafundisha kazi hiyo.

Kwa wasioijua kazi ile ya zamani, nieleze kidogo. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi, nayo imechongwa kinyume ili ikigonga karatasi isomeke sawa. Mpangaji huokota vipande kimoja kimoja kutoka katika sanduku lenye vyumba vingi, akavipanga katika kijitalu cha mkononi mpaka mstari ujae, kisha mstari mwingine, mpaka ukurasa. Baada ya kuchapa, kila kipande lazima kirudi chumbani mwake. Ukikitupa "a" katika chumba cha "e", kesho mwenzako ataandika upuuzi bila kujua. Sijui kazi nyingine inayomfundisha kijana haraka namna hiyo kwamba uzembe wake wa leo ni taabu ya mwenzake kesho. Pengine karani wa mizani anaweza kunijibu kwamba yake pia iko hivyo.

Soma Kutoka 31:1–6. Bezaleli na Oholiabu walijazwa Roho kwa ajili ya kazi za mikono: dhahabu, mawe, mbao. Ni sehemu ya Maandiko ambayo sisi wahubiri tunaipita upesi.

JUMANNE: Kuuliza kabla ya kujibu

Wakati wavulana wanapanga herufi, Steere mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Hakuwa wa kwanza kuishughulikia lugha yetu. Johann Ludwig Krapf alikuwa ameanza Mombasa tangu miaka ya 1840 na kuchapisha sarufi yake mwaka 1850. Lakini maneno ya Mombasa na ya Unguja yanatofautiana, na Steere alitaka kujua Waunguja wanasemaje, si kitabu kinasemaje.

Basi alikaa na watu. Alikaa na wasomi Waislamu wa mjini, akakaa na watumishi, mabaharia na wasimulizi wa hadithi. Alisikiliza hadithi nzima nzima, akaziandika kama zilivyosemwa. Alipopata neno aliliuliza kwa mtu mwingine, na kwa wa tatu. Ile akili ya kisheria, iliyozoea kupima ushahidi wa shahidi mmoja kwa ule wa mwingine, ikapata kazi ambayo mahakama za London hazikuipa. Kule alikuwa mmoja kati ya mamia. Huku alikuwa anapanga majina ya Kiswahili katika ngeli zake, moja baada ya moja, ili mgeni ajue kwa nini tunasema mti mrefu lakini kiti kirefu.

Soma Mithali 18:13 polepole. Ofisi nyingi zingetulia kama fungu hilo lingebandikwa mlangoni. Bosi mpya anapofika, juma la kwanza tu ameshabadilisha utaratibu wote kabla hajamwuliza mhudumu wa siku nyingi kwa nini mambo yalifanywa vile. Steere alikuwa na elimu kuliko karibu kila aliyekaa naye, na bado kwa habari ya lugha aliketi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini tabia yake ninayoipenda zaidi ni hii. Alipotafsiri sehemu ya Biblia hakungoja iwe kamilifu. Aliichapa pale pale misheni kwa nakala chache, ikasomwa shuleni na kanisani, na wasikilizaji wakaambiwa waseme pasipoeleweka. Kisha akasahihisha, akachapa tena. Kwa mtu mwenye nishani ya dhahabu hilo si jambo dogo. Sisi wengi tunaficha kazi yetu mpaka iwe imekwisha ili asije mtu akaona kosa. Matokeo yake ama haiishi, ama inatoka na kosa kubwa ambalo mtoto angeliona mapema.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, kwenye parokia yake ya Little Steeping. Alikuwa amemaliza ule muda wake mfupi, tena ameuzidisha. Akiwa huko alikisimamia kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, kilichotoka mwaka 1870, na mwaka huo huo mkusanyo wa hadithi za Waunguja. Kabla ya hapo, mwaka 1867, alikuwa amekwisha chapa Zanzibar kijitabu cha lugha ya Kishambaa. Mwaka 1871 vikafuata cha Kiyao na cha Kinyamwezi. Na mwaka 1876 ukachapwa Zanzibar mkusanyo wake wa maneno ya Kimakonde. Mmakonde msomaji wa somo hili, fahamu kwamba miaka 150 iliyopita kulikuwa na mtu mezani akiuliza babu zako huitaje maji, moto na mama, na kijana wa shule akivipanga vipande vya risasi kuliandika jibu.

JUMATANO: Njia ya Masasi

Angeweza kubaki kijijini Uingereza. Lakini Tozer aliugua, misheni ikakosa watu, na mwaka 1872 Steere akarudi Zanzibar. Tozer alijiuzulu mwaka 1873. Tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa kuwa askofu London, katika kanisa la Westminster Abbey.

Kulikuwa na tatizo ambalo halikuwahusu wamisionari tu. Manowari za Uingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na watu waliookolewa walikabidhiwa misheni. Walikuwa wanaume, wanawake na watoto, nao waliwekwa katika shamba la Mbweni nje ya mji. Walikuwa huru, ndiyo, lakini kisiwa hakikuwa kwao. Wengi walitoka bara, upande wa Ruvuma na Nyasa. Steere aliona kwamba kumwokoa mtu kisha kumweka mahali asipo na ukoo wala shamba la urithi ni kuikata kazi katikati.

Mwaka 1875 alitangulia kwenda kuiona njia. Kutoka Lindi alitembea kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mtawala mkuu wa Wayao, sehemu ambayo leo iko Msumbiji. Alikuwa na miaka 47. Alirudi akiwa na mpango: kuwapeleka watu wa Mbweni mpaka karibu na Ziwa Nyasa.

Oktoba 1876 msafara uliondoka Zanzibar. Walikuwa zaidi ya watu 50 waliowekwa huru, wake kwa waume, pamoja na wapagazi na wamisionari wachache. Wakashuka Lindi, wakapandisha. Wewe unayesafiri kwa basi kutoka Lindi hadi Masasi unajua ni zaidi ya kilomita 100, na unalalamika kiti kikiwa kigumu. Wao walibeba chakula, majembe, vyungu na watoto, wakiipita kinyume njia ile ile ambayo wengi wao walishushwa pwani wakiwa wamefungwa. Najaribu kufikiri mtu anawaza nini anapoukuta tena mti au jabali aliloliona siku ile. Walifika Masasi mwezi Novemba.

Sasa angalia kilichotokea. Mpango wa askofu ulikuwa ziwani. Masasi ilikuwa mahali pa kupumzika tu. Lakini watu wakaona udongo ni mzuri, maji yapo chini ya majabali, wenyeji hawakuwa na ugomvi nao. Walikuwa wamechoka, na baadhi yao walijiona wamekaribia kwao. Hawakutaka kuendelea.

Ungefanya nini ungekuwa wewe kiongozi? Ramani umeichora, barua umeshaandika, fedha zimechangwa kwa jina la Nyasa. Nimewahi kuona mradi wa kisima ukichimbwa mahali ambapo kijiji kizima kilisema hapana maji, kwa sababu tu karatasi ilisema hapo. Steere aliibadilisha karatasi. Aliwasikia watu ambao juzi tu walikuwa mali ya kuuzwa sokoni, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka kuishi wapi, akakubali kwamba mji ujengwe pale walipotaka. Viwanja vikapimwa, nyumba zikaanza.

Yeye hakukaa muda mrefu. Alimwachia kazi William Percival Johnson, kijana wa miaka 22 aliyekuwa amefika Afrika mwaka huo huo. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples, naye kijana wa miaka 25. Wapo watakaosema kwamba ni uzembe kumwachia mtoto kazi nzito hivyo. Inawezekana. Lakini Johnson aliitumikia nchi ya Nyasa mpaka kifo chake mwaka 1928, zaidi ya miaka 50, kwa hiyo nadhani yule mzee aliona kitu.

Kutokana na mji ule wa Masasi yalitoka mengi ya huku kwetu. Shule nyingi za kwanza za wilaya zetu zina asili yake katika misheni ile. Lulindi yenyewe ikawa kituo chake, na hapo ndipo Dakta Leader Stirling, aliyekuja Masasi mwaka 1935 na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, alipojenga hospitali. Wazee wa makanisa yetu, hata wale waliobatizwa kuwa Waadventista ukubwani, wengi walijifunzia kusoma katika madarasa yaliyoanzishwa na watu hao.

ALHAMISI: Nguzo zilizosimama kichwa chini

Turudi nyuma kidogo, kwa maana kazi ya Masasi haikufanywa peke yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Kiwanja chake kikapatikana kwa misheni, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale watu walipokuwa wakipangwa mistari na kukaguliwa meno.

Steere hakuwa mjenzi kwa elimu, lakini alisimama juu ya jengo lile kwa miaka. Paa lake si la mbao, ambazo mchwa wa pwani wangezila. Ni kuba refu la mawe ya matumbawe yaliyochanganywa na saruji, limesimama lenyewe juu ya kuta. Mpaka leo liko.

Wanaoongoza wageni katika kanisa hilo husimulia kwamba nguzo fulani zilisimamishwa kichwa chini na mafundi wakati askofu alikuwa safarini, na aliporudi akaziacha hivyo. Nimeziona mwenyewe. Kweli, zimegeuzwa. Napenda kwamba hazikuvunjwa. Nguzo iliyogeuzwa ilibeba uzito sawa na nyingine, na fundi aliyekosea aliendelea na kazi kesho yake. Si kila kosa la mfanyakazi linastahili barua ya onyo.

Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya waandishi wa maisha yake hulipita upesi. Steere alikuwa na mke, Mary Beatrice, waliyefunga ndoa mwaka 1858. Miaka hii yote ya Zanzibar na Masasi, mke alikuwa Uingereza, naye afya yake haikuwa njema. Sina haki ya kuwahukumu wawili hao, na nyakati zile homa ya pwani iliua wageni wengi. Lakini somo hili lisitumiwe na mume yeyote kuhalalisha kuishi ofisini. Soma 1 Timotheo 5:8 na ujadili na mwenzi wako, si na darasa. Katika jambo hili sidhani kwamba Steere ni kielelezo chetu, na sioni haja ya kulifunika.

IJUMAA: Kilichobaki mezani

Mwaka 1882 alikuwa Uingereza kwa muda mfupi, akarudi Zanzibar mwezi Agosti. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, alikufa kwa kiharusi. Alikuwa na miaka 54. Walimzika nyuma ya madhabahu ya lile kanisa.

Majuma machache tu baada ya mazishi, mwezi Septemba 1882, wapiganaji wa Kingoni ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Walikuwa wamewekwa huru mara moja, sasa wakafungwa tena. Maples alihangaika kuwakomboa. Misheni ikahamia Newala, chini ya ulinzi wa Matola, mtawala wa Wayao, na ilichukua miaka kabla Masasi haijasimama vema tena.

Mtu angekwenda Masasi mwezi ule angesema kazi ya Steere imekwisha kuwa majivu. Mji wake umeungua na yeye yuko kaburini. Lakini kazi yake haikuwa kichwani mwake peke yake. Karatasi za tafsiri zilikuwa zimepangwa, zimechapwa vipande vipande, zimesahihishwa na wengi, na vijana waliojua kuzipanga walikuwepo. Agano Jipya lake la Kiswahili likatoka mwaka 1883. Wenzake wakaendelea na Agano la Kale, na mwaka 1891 Biblia nzima ya Kiunguja ikakamilika. Kiunguja alichokiandika kwa kuuliza uliza ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka 1952, tafsiri ya Zanzibar na ile ya Mombasa zilipounganishwa, ikapatikana Biblia ya Union Version. Hiyo ndiyo wengi wenu mnayoibeba asubuhi ya Sabato. Ndiyo iliyo mbele yangu ninapoandika.

Nina jambo langu la kuungama. Niliwahi kuwa karani wa ofisi moja ya elimu, nami nilijivunia kwamba hakuna faili linaloweza kupatikana bila mimi. Ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwangu, na utaratibu wa kupanga mafaili niliujua peke yangu. Nikaugua homa ya matumbo majuma matatu. Mwalimu mkuu mmoja alishuka kutoka juu nyandani kufuata barua ya uhamisho wa mwalimu wake, akalala kwenye benchi la ofisi siku mbili, akarudi mikono mitupu. Niliporudi kazini hakuna aliyenilaumu. Walinikabidhi tu orodha ya watu waliokuja, nayo ilijaa kurasa mbili. Tangu siku ile nikisoma 2 Timotheo 2:2 siwazi mahubiri peke yake. Nawaza ule ufunguo.

*Maswali ya kujadili darasani:*

Watu wa Mbweni walisema watabaki Masasi, na askofu akaubadilisha mpango. Mnakumbuka uamuzi gani wa kanisa lenu mahalia, au wa mahali pa kazi, ambao walioathirika nao hawakuulizwa? Ingekuwaje kama wangeulizwa?

Wakolosai 3:23 inamhusuje kijana ambaye mkataba wake wa mizani unakwisha msimu ukiisha, na ambaye anajua hataajiriwa tena? Mpeni nafasi yeye mwenyewe aseme kwanza, kabla wazee hawajajibu.

Katika darasa lenu, ni nani mbali na karani wa Shule ya Sabato anayejua kulijaza daftari la kumbukumbu? Kama hakuna, karani aje na daftari Sabato ijayo, na mmoja aketi kando yake.